Kozi ya misemo 300 ya Kihispania cha simu na mitandao: nimekaa nayo miezi minane mapokezini Mji Mkongwe

Swali ninaloulizwa kuliko hata jina langu ni hili: "¿Cuál es la contraseña del wifi?" Mgeni hajatua begi, juisi ya ukwaju ya kumkaribishia hajaigusa, pasipoti bado anayo mkononi, anataka paswedi. Nakaa mapokezi kwenye nyumba ndogo ya wageni, vyumba kumi na kimoja, uchochoro wa Mkunazini ambao ramani ya simu huupoteza kila siku. Ikifika Agosti, mwezi ambao Hispania nzima iko likizo, kaunta yangu inakuwa yao. Wanashuka kutoka Serengeti na Ngorongoro na vumbi la bara kwenye viatu, simu zimejaa picha za simba, chaji imebaki asilimia tatu.

Kiingereza ninacho cha kutosha. Wao ndio wengi hawanacho, hasa watu wazima, na wakikisema wanaona haya. Basi Disemba iliyopita nikanunua kozi. Za bure nilizozijaribu kabla ya hapo zilinifundisha kusema kwamba mvulana anakula tufaha. Nina miaka sita mapokezini na hajatokea mgeni wa kuniuliza habari za tufaha.

Hii niliichagua kwa mada yake: simu, intaneti, mitandao ya kijamii, kujuana na watu na kuendelea kuwasiliana nao. Jina silitaji, kwa sababu nina malalamiko na sitaki kesi. Ni masomo 30 ya sauti, kila somo dakika 10 hadi 15 na misemo 10, pamoja na kitabu cha PDF. Dola 19. Kadi yangu ilikataa, ikabidi alipe dada yangu aliyeolewa Maskati, na tangu siku hiyo kila akipiga simu ananiuliza kama nimeshaanza kusema Kihispania. Wanaofundisha ni wawili, mwanamke na mwanamume, lafudhi ya Hispania, maelezo yote kwa Kiingereza. Hilo la maelezo lishikeni, nitalirudia.

Sauti ni safi. Kila msemo wanautamka mara mbili taratibu, kisha mara moja kwa kasi ya mtaani, na hiyo kasi ya mtaani ndiyo iliyoniokoa. Nasikiliza kwenye daladala ya asubuhi kutoka Mwanakwerekwe, iafoni sikio moja tu, la pili nimeliacha wazi nisije nikapitishwa kituo. Ila somo la 2 lote ni la matamshi, na hapo nililipia kitu ambacho tayari nilikuwa nacho nyumbani. Mwingereza anatolewa jasho kuambiwa kwamba a ni a tu na e ni e tu. Sisi irabu zetu ni hizo hizo tano. Ñ ya "contraseña" ni ny ya nyumba. Z na c ya Hispania, kama kwenye "cerveza", ni th ya thelathini. D iliyokaa katikati ya irabu, kama kwenye "saludo", inalainika mpaka inakuwa dh ya dhahabu, na g ya "luego" inaelekea gh ya ghali. J ndiyo ile kh ambayo bibi zetu wanaisemea "kheri". Aliyepigwa fimbo kwenye chuo cha Kurani utotoni kwa kutofautisha herufi hizi anaweza kuliruka somo zima na asipungukiwe kitu.

Mwenzangu wa zamu ya usiku, kijana wa Makunduchi, naye aliliruka, lakini yeye kwa uvivu. Akawa anazisoma "jajaja" za wageni kwenye WhatsApp kama zilivyoandikwa, akidhani ni jina la mtu. Ni kicheko. Hahaha ya kwao.

Sasa somo la 9, ambalo ndilo lililonikalisha niandike haya. Mada ni vitu kuharibika, na msemo wa kwanza ni "Se me ha caído el móvil." Mwalimu anautolea dakika nzima kumi na mbili. Anasema usiseme umeiangusha simu, Wahispania hawasemi hivyo. Wanasema kana kwamba simu imeanguka yenyewe na wewe ndiye uliyefikwa. Kwenye PDF kuna mchoro wenye mishale mitatu. Nikasikiliza mara mbili, kichwa kizito. Mara ya tatu nikakiacha Kiingereza chake nikajiuliza: mie mwenyewe, simu ikinitoka mkononi pale ngazini, napiga kelele gani?

Simu imeniponyoka!

Basi. Hakuna mishale. Ile "ni" iliyojibana katikati ya kitenzi ndiyo "me" yao. Nikazipanga zote zilizobaki kabla daladala haijafika Michenzani. "Se me ha apagado el móvil", simu imenizimikia. "Se me ha acabado la batería", chaji imeniishia. "Se me ha olvidado la contraseña", paswedi imenitoka. "Se me han acabado los datos", bando limeniishia, ila data kwao ni wingi ndiyo maana "ha" ikawa "han". Mwenye kosa hayupo, yupo wa kupewa pole tu. Nani kati yetu anasema "nimeizima simu" wakati chaji imekwisha?

Na somo la 17 ni hadithi hiyo hiyo. Laiki ya Facebook kwa Kihispania inaandikwa "Me gusta". Mwalimu anaonya mapema kwamba hapa ndipo pagumu kuliko kote kwenye kozi, kwa sababu Kiingereza kinamtanguliza mtu, mimi napenda picha, wakati Kihispania picha ndiyo inayotenda. Sasa sisi tunasemaje? Picha yako imenipendeza: "me gusta tu foto". Picha zako zimenipendeza: "me gustan tus fotos". Kitenzi kinaifuata picha, mie nimekaa pembeni nakipokea. Mgeni amepigwa na jua la Nungwi: "me duele la cabeza", kichwa kinaniuma. Ameangalia simu usiku kucha: "me duelen los ojos", macho yananiuma. Amebakiza siku mbili arudi kwao: "me quedan dos días", zimenibakia siku mbili. Hii kozi ingefundishwa kwa Kiswahili, masomo kumi yangetosha na dola zangu kumi na mbili zingebaki. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa, na najua ni la kuonea, kwani aliyeitengeneza hakunifikiria mie. Lakini nyota ni zangu, nazitoa kwa jinsi nilivyofikwa.

Sifa yao moja kubwa ni somo la 11, la barua pepe. Ile alama ya @ wanaiita "arroba", na mwalimu wa kike, kwa furaha kabisa, akatoka nje ya mada kueleza kwamba arroba kilikuwa kipimo cha uzito, kama kilo 11 na nusu, robo ya kintali yao ya zamani, na kwamba neno lilitoka kwenye Kiarabu. Nilicheka peke yangu ndani ya gari. Robo! Ile ile ya robo kilo ya sukari. Akaishia hapo, hakujua amenifungulia kasha gani. Nikaanza kuyawinda mwenyewe. "Hasta luego" ambayo kila mgeni ananiachia mlangoni, hiyo "hasta" ni "hata" yetu ya zamani, ile ya tangu asubuhi hata jioni, zote mbili zimetoka kwenye "hatta" ya Kiarabu. "¿Hasta cuándo?" Hata lini? Na "tarifa de datos", bei ya bando, hiyo tarifa ina mzizi mmoja na taarifa. Kulikuwa na mzee mmoja wa Granada, mwalimu mstaafu, nikamwonyesha orodha yangu nyuma ya karatasi ya risiti. Akavaa miwani, akaongezea "ojalá", ambayo Jina la Mwenyezi Mungu limejificha humo ndani na wao wanalitaja kila siku wakiomba timu yao ishinde.

Tuje kwenye yanayokasirisha.

Paswedi yetu siiandiki hapa, lakini tuseme inafanana na Karafuu_25#. Bosi anaipenda hivyo, anasema ni salama. Mwezi wa Machi alikuja mama wa makamo kutoka Bilbao, peke yake, simu yake ya herufi kubwa kubwa, akajaribu mara nne ikakataa. Nikaona sasa ndiyo siku yangu. Nikamsomea: "Ka mayúscula, a, erre, a, efe, u, u..." nikafika kwenye kile kimstari cha chini nikakwama. Nikachora hewani kwa kidole. Akaniangalia. Nikachora juu ya kaunta. Akadhani namwambia afute, akafuta yote, tukaanza upya. Mwishowe nikageuza skrini ya kompyuta nikamwonyesha, akapiga mkono kifuani: "¡Ah, guion bajo!" Na ile # akaniambia ni "almohadilla", kimto kidogo cha kulalia. (Mgeni wa Mexico baadaye akaniambia kwao ni "gato", paka. Paka na mto, chagueni wenyewe.) Nikarudi kwenye kozi kutafuta. Somo la 26 lote ni la "inteligencia artificial", "realidad virtual", "la nube" na "la brecha digital", akili bandia, uhalisia pepe, wingu la data na pengo la kidijitali. Guion bajo haimo. Mayúscula, yaani herufi kubwa, nilishaijua kwa mgeni mwingine, nayo haimo. Miezi minane hakuna aliyewahi kusimama mbele ya kaunta yangu akataka tuzungumzie brecha digital.

La pili, adapta. Soketi zetu ni za Kiingereza, pini tatu bapa. Plagi zao ni pini mbili za duara. Kila siku ya Mungu: "¿Tienes un adaptador?" Nilianza mwaka na adapta sita kwenye droo, sasa ninazo mbili, na moja ina ufa. Kozi imetaja "cargador", chaja, na "enchufe", plagi, adaptador hakuna. Na hii ni kozi iliyoandikiwa Waingereza! Wao wakitua Madrid si ndio wa kwanza kuihitaji?

La tatu ndilo lililonitia aibu. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi kama 20 hivi, mojawapo Guinea ya Ikweta, hapa hapa Afrika. Kozi inakifundisha cha Hispania peke yake na haikwambii kwamba kuna kingine. Kwa hiyo nikajifunza "móvil", akaja mtu wa Colombia anatafuta "celular" yake. Nikajifunza "ordenador", yeye anasema "computadora". Waifai Mhispania anaitamka "uifi", watu wa Amerika ya Kusini wengi wanasema "uaifai" kama sisi. Kupokea simu, somo la 5 linasema "¿Diga?" Sawa. Nikampigia mgeni wa Mexico chumba namba 4 kumwambia gari lake la Jozani limefika, akapokea: "¿Bueno?" Nikadhani ananiuliza kama gari ni zuri. Nikamjibu, "Sí, muy bueno, Toyota." Kumbe ndiyo haloo yao.

Hilo lilikuwa la kucheka. La familia ya Argentina halikuwa. Simu ya mapokezi inalia, mikono yangu imejaa mataulo, baba mtu amesimama karibu nayo, mwanawe wa kike wa miaka kama kumi na mitano yuko pembeni. Nikachomoa msemo wa somo la 5 nilioukariri vizuri kuliko yote: "Perdona, ¿puedes coger el teléfono?", samahani, unaweza kupokea simu? Baba akakohoa. Binti akajifunika uso kwa kofia. Simu ikaendelea kulia. Jioni mama mtu, kwa upole sana, akaniambia kwa programu ya kutafsiri kwamba "coger", ambayo Hispania ni kushika au kuchukua tu, kwao Argentina ina kazi nyingine kabisa, na kwamba salama ni "atender". Kazi yenyewe siielezi hapa, mama yangu anasoma. Sentensi moja tu ya tahadhari kwenye PDF ingenisitiri.

"Colgar" nayo wameieleza nusu. Ni kutundika, kama nguo kambani. Somo la 14 linasema "colgar una foto" ni kuposti picha. Nikaipenda: sisi tunatupia, wao wanatundika. Siku moja kompyuta yetu ya mapokezi, ambayo umri wake haujulikani, ikaganda mgeni akiwa anasubiri kuchapisha tiketi ya boti. Akasema, "Se ha colgado." Nikamuuliza, "¿En Instagram?" Kumbe kompyuta iliyoganda nayo imejitundika, na kukata simu pia ni colgar. Neno moja, kazi tatu ndani ya mada ile ile ya kozi, wamefundisha moja.

Masomo ya 20 mpaka 30, ukiliondoa lile la 26, ni ya kujuana na watu, ndiyo ninayoyarudia mpaka leo. "¿Quedamos a las siete en Forodhani?" Tukutane saa moja Forodhani, neno moja, quedamos, limebeba tupange, tukubaliane na tuonane. "Te mando un audio", nakutumia ujumbe wa sauti. "Etiquétame", nitagi. "Pásame las fotos", nirushie hizo picha. "No me dejes en visto", usiisome meseji yangu ukaninyamazia, ambayo nimeshamfundisha mdogo wangu aitumie kwa mchumba wake. "Mándame la ubicación" ni nzuri pia, ila kwa vichochoro vya huku ukimtumia mtu lokesheni atatokea nyuma ya msikiti mwingine. Mie huenda kumpokea mgeni mwenyewe pale Darajani.

Ila kozi nzima inamwita kila mtu "tú", wewe ya kuzoeana. Nililelewa kumshika mkono mkubwa wangu na kumsalimu kabla ya neno lolote, siwezi kumwita bibi wa miaka sabini tú siku ya kwanza. Nikaitafuta "usted", wewe ya heshima, mwenyewe, nikaitumia. Wahispania wenyewe wakanicheka. Yule mama wa Bilbao akaniambia nisimwite usted, namzeesha. Lakini bibi mmoja wa Bogotá, aliyekuja na wajukuu wawili, alikuwa anawaita usted hata hao wajukuu, na nilipomwita hivyo akanibusu shavuni. Siku mbili baadaye nikamfundisha "shikamoo", akawa anawaamkia wapishi vijana, na wao kwa heshima wakawa wanaitikia marahaba huku wanaona haya.

Nyota tatu kati ya tano. Ingekuwa na ukurasa mmoja wa alama za paswedi na mwingine wa tofauti za nchi, ningetoa nne. Kama unafanya kazi na wageni Zanzibar, Arusha au Moshi na Kiingereza chako kinakutosha kufuata maelezo, dola 19 si nyingi: nunua, ruka somo la 2 na la 26, na la 9 na la 17 sikiliza misemo tu, maelezo yao yafunge ujielezee mwenyewe kwa Kiswahili. Kama Kiingereza kinakupa tabu, usinunue, utakuwa unajifunza lugha mbili kwa bei ya kichwa kimoja.

Juzi yule mama wa Bilbao amenitumia audio. Dakika nne na nusu. Anasema amefika salama muda mrefu, samahani hakuandika, simu ilimponyoka bafuni, "se me cayó al váter", amenunua nyingine, picha zangu za Idi zimempendeza, tuendelee kuwasiliana. Mpaka hapo nimemfuata bila kurudia hata mara moja. Kisha mbwa anabweka, yeye anacheka, anasema neno moja refu kwa kasi, na audio inakatika. Nimeisikiliza mara nane. Kwenye PDF halimo. Mwenzangu wa zamu ya usiku anashikilia kwamba ni jina la mbwa.